Mama Soksi na Chupa za Kreti Nyekundu

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akigombana na mbwa kwa sentensi kamili, na mbwa mwenyewe katega masikio anasikiliza kabisa, basi ungepita nyuma ya zahanati wiki moja kabla ya mtihani.

"Wewe, nikuulize," alikuwa anasema Mama Soksi, mikono kiunoni, kamba imening'inia begani. "Mimi nimekukosea nini? Sema. Sema tu, tuongee kama watu wazima."

Mbwa akapiga chafya.

Huyo mbwa ndiye Bi Harusi. Kahawia mwili mzima, ila kichwani ana manyoya meupe yamemshukia mpaka mabegani utadhani shela, na mwendo wake sasa, jamani! Hatua moja, anatulia, hatua moja, anatulia, kama anayesubiri wapiga picha. Kazi yake ni kunusa soksi. Ndiyo, soksi. Mtu mwenye malaria, hata kama kichwa hakijamuuma na baridi haijamshika, mwili wake una harufu fulani ambayo hizi pua zetu haziipati hata ukizisogeza vipi. Mbwa aliyefundishwa anaipata. Unalala na soksi usiku mmoja, asubuhi unavua, mbwa ananusa. Akikaa chini mbele ya soksi yako, ujue dawa inakusubiri. Akipita zake, endelea na maisha.

Na huyo anayegombana naye ni Mama Soksi. Jina kapewa na mtaa, kwa sababu kila Jumatatu anapita nyumba kwa nyumba na mfuko wa soksi mpya nyeupe, na kila Jumanne anapita kuzikusanya zikiwa zimelaliwa. Watoto wakimwona tu kwa mbali wanaanza kuvua viatu. Zamani alikuwa msafishaji wa zahanati hiyo hiyo, miaka kumi na moja, na sakafu zake zilikuwa za kujitazamia. Mradi ulipoleta mbwa wawili, ukaleta na vijana wa kuwafundisha, wenye vyeti na mabuti. Bi Harusi akawakataa wote. Hali, haamki, kawapa mgongo. Ila Mama Soksi akipita na kazi zake korido, mbwa huyo anainuka na kumfuata nyuma, hatua moja, anatulia. Daktari, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini aliyekuwa anausimamia mradi, akatazama siku tatu, ya nne akasema, "Mama, hebu weka hilo fagio. Shika kamba."

Ndivyo ilivyoanza. Miezi minane sasa.

Mbwa wa pili alikuwa kaka yake Bi Harusi, tumbo moja. Yeye alifeli mtihani mwaka uliopita. Unajua aliko? Kwenye ghala la saruji, njia ya kwenda nyumbani kwa Mama Soksi, kafungwa mnyororo getini, vumbi limemjaa mpaka rangi yake haijulikani. Mwanzoni Mama Soksi alikuwa akipita anamwita kwa lile jina la zamani, na mbwa anatikisa mkia. Siku hizi anambwekea kama anavyobwekea malori. Na mwenye ghala alishatuma salamu kwa Daktari, kwa heshima zote: huyo dada yake akifeli na yeye, geti la nyuma liko wazi.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini mwanamke wa watu alikuwa anaongea na mbwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna chumba kirefu, ndani yake benchi lenye matundu kumi, kila tundu linakaa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kila chupa na soksi moja. Kati ya hizo kumi, mbili au tatu ni za wagonjwa. Mama Soksi anaingia na Bi Harusi, wanapita mstarini. Nyuma ya kioo anakaa Fundi Damu, huyu ndiye anayetoboa watu vidole na kupima damu, kwa hiyo ndiye pekee anayejua chupa ipi ni ipi. Mbwa akikaa mbele ya ile sahihi, Fundi Damu anapiga kengele, ting! Mama Soksi anatoa biskuti. Akikosea, kimya. Hakuna kengele, hakuna biskuti, na mwenye kamba haruhusiwi hata kukohoa.

Zoezi likiisha, Fundi Damu anazitoa soksi na kuzigawa chupa: za wagonjwa kreti nyekundu, za wazima kreti nyeupe. Mama Soksi anabeba kreti zote mbili hadi kwenye sinki la nyuma ya banda la mbwa. Pale ukutani palikuwa na karatasi, imeandikwa chupa zote zichanganywe, zioshwe pamoja kwa maji ya moto na sabuni isiyo na harufu. Chini kuna saini ya Fundi Damu, msimamizi wa vifaa.

Mama Soksi aliisoma siku ya kwanza, akacheka mpaka akashika sinki. Kuchanganya vya mgonjwa na vya mzima? Miaka kumi na moja hajawahi kuchanganya hata kitambaa cha vumbi! Sawa, malaria haiambukizwi na chupa, Daktari alishawaambia wote, na yeye anajua. Lakini mkono una mazoea yake. Chupa za kreti nyeupe akaziosha kwa sabuni, basi. Za kreti nyekundu akaziosha kwa sabuni, halafu akaziloweka kwenye dawa ya kupigia deki, ile kali inayotoa machozi, halafu akazisuuza mara tatu mpaka hata yeye akiingiza pua hasikii kitu. Akazipanga kwenye kreti yao. Kesho yake Fundi Damu akaja, akakuta kreti zimejipanga vizuri, zinang'aa, akafurahi. Soksi za wagonjwa zikaingia nyekundu, za wazima nyeupe. Kila siku. Hakuna aliyeuliza.

Na Bi Harusi alikuwa moto. Tisa kwa kumi. Wiki nyingine kumi kwa kumi. Daktari alikuwa anaandika ripoti huku anatabasamu peke yake.

Sasa wiki mbili kabla ya mtihani, zikaja chupa mpya. Boksi sita.

"Wakaguzi watatumia chupa za aina hii," Daktari alieleza. "Tumzoeshe mapema. Za zamani pelekeni stoo."

Siku ya kwanza ya chupa mpya, Bi Harusi akapita mstari mzima kwa ule mwendo wake, akafika mwisho, akageuka, akamtazama Mama Soksi kama mtu aliyeitwa kwenye sherehe akakuta hamna watu. Hakukaa popote. Wakarudia. Hakukaa. Mara ya tatu akakaa mbele ya chupa ya kwanza kabisa, haraka haraka, kama mwanafunzi anayebahatisha. Kimya. Haikuwa yenyewe.

"Kachoka," alisema Daktari.

"Kachoka nini, ameamka saa hizi," alisema Mama Soksi.

Siku ya pili wakafungua boksi la pili. Hali ile ile. Siku ya tatu, boksi la tatu, ndiyo kwanza mbwa akalala chini katikati ya chumba na kuanza kujilamba mguu.

Wee, Mama Soksi alihangaika! Akabadilisha biskuti, akaleta vipande vya nyama. Bi Harusi akavila vizuri tu, bila kufanya kazi yoyote ya kuvistahili. Akamwogesha. Akaacha kujipaka mafuta ya nywele, labda yanamchanganya, akawa anatembea na nywele kavu zimesimama. Mume wake ni fundi viatu, kibanda chake kiko pale pale kwenye baraza la nyumba yao, akamshonea mbwa ukanda mpya wa shingo wa ngozi laini. Mama Soksi akamvalisha asubuhi, mchana akamvua, eti unanuka gundi.

"Gundi yangu imekukosea nini?" mume akauliza.

"Baba watoto, usinianze. Leo usinianze kabisa."

"Mimi nauliza tu. Nimeshona usiku kucha."

"Umeshona nusu saa huku unasikiliza mpira."

Wifi yake naye, dada wa mume, nyumba ya tatu kutoka kwao, hakukosa la kusema. Alimkuta kambani anaanika nguo. "Wifi yangu, nasikia yule bibi harusi wako kapata mafua!"

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima. Na mimi nina soksi zangu jozi nne huko kwenu. Kama hazinuswi mnirudishie, miguu inapata baridi."

"Soksi tumekupa sisi, wifi! Mpya!"

"Nimezilalia mimi. Si zishakuwa zangu?"

Alicheka peke yake huyo mpaka akaingia ndani.

Siku ya nne, ya tano, ya sita, boksi la nne, la tano, la sita. Hamna kitu. Ndiyo hiyo siku ya sita alikuwa anamuuliza mbwa amemkosea nini. Na jioni zote hizo, hasira zikiwa zimemjaa, alikuwa anaosha. Chupa zikishaoshwa anaziosha tena. Nyeupe kwa sabuni. Nyekundu kwa sabuni, dawa, na maji mara tatu.

Siku ya saba boksi zilikuwa zimekwisha, kasoro chupa mbili za akiba. Fundi Damu akachukua zilizooshwa, kreti hii na kreti hii, akaweka soksi. Mama Soksi akaingia na Bi Harusi bila matumaini yoyote, kanuna kabisa.

Chupa ya kwanza, akapita. Ya pili, akapita. Ya tatu, mbwa akasimama, mkia ukanyooka, akarudisha pua, akakaa. Akakaa hasa, kifua mbele.

Ting!

Mama Soksi alipiga kelele, jambo ambalo limekatazwa. Ya nane, akakaa. Ting! Siku hiyo kumi kwa kumi. Kesho yake tisa. Keshokutwa kumi. Daktari alimkumbatia pale pale koridoni. Jioni Mama Soksi alimpitia wifi mlangoni makusudi tu, akamwambia mafua yameisha, asante kwa kuuliza.

Ilikuwa ni zile nasaha, alimwambia mume wake. "Nilimkalisha chini nikaongea naye kiutu uzima. Akaelewa."

"Mimi nilidhani ni ukanda wangu," alisema mume.

Basi, siku ya mtihani ikafika. Mkaguzi alikuwa mwanamume mfupi, miwani kaifunga uzi shingoni, uso wa mtu anayeumwa jino lakini hataki kusema. Alikuja na sanduku lake, ndani chupa kumi zimefungwa, soksi zake mwenyewe kutoka wilaya nyingine, na majibu kwenye bahasha aliyoikalia. Hata Daktari hajui. Hata Fundi Damu hajui, siku hiyo alipewa kiti cha kawaida kama mgeni.

Joto lilikuwa kali, mlango ukaachwa wazi. Nje, msafishaji mpya, binti aliyepewa ile kazi ya zamani ya Mama Soksi, alikuwa anapiga deki korido. Aliposikia wageni wameanza akasimama kuchungulia, ndoo kaiweka hapo mlangoni, fimbo ya deki mkononi.

Bi Harusi akaingia. Alikuwa kapendeza, wacha niseme ukweli, shela limechanwa, mkia juu. Hatua moja, anatulia. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Soksi anapumua kwa pua moja. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Ya saba. Ya nane, akachelewa kidogo, halafu akapita. Ya tisa. Ya kumi.

Hakukaa popote.

Halafu akainua pua juu. Mkia ukanyooka. Akamvuta Mama Soksi kwa kamba, wakavuka chumba chote, wakapita mbele ya Mkaguzi, wakafika mlangoni. Na pale, mbele ya ndoo ya deki, Bi Harusi akakaa. Kifua mbele. Akageuka kumwangalia mwenye kamba, macho yanasema, lete biskuti.

Binti wa deki akaangusha fimbo. "Mimi sina malaria! Nimepima juzi! Fundi Damu si unajua nimepima juzi?"

Fundi Damu aliweka ngumi mdomoni. Daktari alifumba macho.

"Toeni hiyo ndoo," alisema Mkaguzi. "Fungeni mlango. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Hakukaa popote. Mara ya tatu, hakukaa popote, akaenda kulala mlangoni, pua kaiweka kwenye uwazi wa chini. Mkaguzi akafungua bahasha, akatazama, akafunga. Zilikuwa tatu za wagonjwa, na mbwa hakupata hata moja.

"Nitaandika ripoti saa nane," alisema. "Mnaye mtu wa kumchukua?"

Daktari alijibu kwa sauti ndogo kwamba kuna mwenye ghala.

Mama Soksi alimtoa mbwa nyuma. Hapo ikawa mvua ya mawe. "Ndoo! Vitu vyote vilivyomo duniani, wewe unakwenda kukaa kwenye ndoo! Miezi minane nakupa biskuti zangu, nanuka mbwa mpaka mume wangu analala ukutani, mtaa mzima umelala na soksi kwa ajili yako, unanikalia kwenye ndoo?"

Bi Harusi alisikiliza. Hakupiga chafya hata.

Mwanamke akigombana mikono lazima ipate kazi, basi akazivamia chupa za jana ambazo tayari zilikuwa safi, zimegeuzwa ndani ya kreti mbili juu ya ukuta mfupi wa banda, zinakauka. Akaanza kuzipangua. Mbwa akainuka. Akapita kreti nyeupe. Akafika kreti nyekundu, akakaa.

"Hizo tupu, wewe. Huoni?"

Bi Harusi akamtazama. Kifua mbele.

Mama Soksi akaikamata kreti nyekundu, akaihamishia upande wa pili wa banda, kwa hasira tu. Mbwa akaenda, akaipita nyeupe tena, akakaa mbele ya nyekundu. Chupa tupu. Hazina soksi, hazina mgonjwa, hazina kitu chochote duniani isipokuwa...

Hapo mikono ikasimama.

Akaingia stoo, akatoa zile chupa mbili za akiba ambazo hazijawahi kuguswa. Moja akaiosha kwa sabuni. Ya pili akaiosha kwa sabuni, akaichovya kwenye dawa ya deki, akaisuuza mara moja, mara mbili, mara tatu, akaifuta, akainusa. Haina kitu. Akaziweka chini zote mbili, mbali mbali. Akamwachia mbwa kamba.

Bi Harusi hakuhitaji hata kufikiri.

Mama Soksi alikaa chini pale pale, kwenye maji, na sketi yake ya mtihani.

"Dada, vipi, umeanguka?" Ilikuwa sauti ya Fundi Damu, katoka kupunga upepo, kikombe cha chai mkononi.

"Mdogo wangu, hebu tazama." Akabadilisha chupa mahali, akamrudisha mbwa nyuma, akamwachia. Mbwa akakaa. "Tena." Akabadilisha. Mbwa akakaa. "Hiyo ni dawa ya deki. Nimeisuuza mara tatu. Mimi za wagonjwa nilikuwa naziloweka. Miezi minane nimeziloweka. Huyu hatafuti malaria, anatafuta dawa ya deki! Na zile boksi sita mpya alikuwa hapati kwa sababu zilikuwa bado hazijapita kwangu!"

Fundi Damu alitazama chupa, akatazama kreti, akatazama ile karatasi ukutani yenye saini yake. Chai ikaacha kunyweka.

"Umemwambia nani?"

"Nakwambia wewe sasa hivi."

"Basi ishie hapo." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Nisikilize, dada yangu. Ukiingia mle ndani ukasema, wewe unarudi kwenye deki leo leo, na mimi sijui narudi wapi, saini ni yangu, kreti nilikuwa napanga mimi. Ukinyamaza, wanaandika mbwa hana uwezo. Basi. Wanaleta mwingine, tunaosha vizuri, tunaanza. Nani ameumia?"

"Yeye."

"Yeye ni mbwa! Hajui hata kama amefeli. Mwangalie, anafurahi."

Na kweli Bi Harusi alikuwa anafurahi. Alikuwa bado kakaa mbele ya chupa, anasubiri biskuti yake, maana kwa hesabu zake amefanya kazi nzuri siku nzima na hakuna aliyemlipa.

"Kaka yake naye hakujua," alisema Mama Soksi. Akainuka, maji yanamchuruzika, akachukua chupa moja kila mkono, na kamba kwenye meno ili mikono itoshe. "Wewe kunywa chai yako."

Ilikuwa saa nane kasoro. Mkaguzi alikuwa ameshakunja mikono ya shati, kalamu iko kwenye karatasi, na Daktari yuko dirishani kawapa mgongo. Mama Soksi hakupiga hodi. Alitema kamba, akasema yote kwa pumzi moja, nyekundu, nyeupe, sabuni, dawa, mara tatu, karatasi aliisoma na akaicheka. Hakumtaja Fundi Damu. Halafu akaweka chupa chini, na Bi Harusi akaonyesha. Mkaguzi akataka arudie. Akataka mbwa atoke nje, chupa afiche mwenyewe, moja nyuma ya kabati, moja chini ya meza. Bi Harusi akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akakaa.

"Umesuuza mara ngapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Tatu."

"Maji mengi?"

"Mimi sijui kusuuza kwa maji machache, baba."

Mkaguzi akaiinua chupa, akainusa muda mrefu, akampa Daktari naye akanusa. Hakuna aliyesikia kitu. "Pua haina tatizo hii," alisema, kwa uso ule ule wa jino. "Pua imejifunza kila kitu mlichoifundisha. Tatizo ni mlichoifundisha."

Daktari aliiweka chupa dirishani. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu, na bora angepiga kelele. "Ripoti nane, Mama. Nimeandika ripoti nane. Nimesimama mbele ya watu nikaonyesha zile tisa kwa kumi."

"Najua, Daktari."

"Karatasi ilikuwa ukutani!"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Mama Soksi alitafuta jibu, kweli alilitafuta, akakuta lililopo ni moja tu na ni la aibu. "Nilitaka ziwe safi."

Mlango ukafunguliwa. Fundi Damu, kikombe tupu mkononi, akasimama pale kama mtu aliyesukumwa. "Na kreti nilikuwa napanga mimi," alisema. "Kila siku zile zile. Sikuchanganya."

Mkaguzi akaandika. Ripoti nane zote zifutwe. Mbwa abaki, afundishwe upya kutoka sifuri, siku tisini, mtihani mwingine. Kamba aendelee kushika Mama Soksi, kwa sababu mbwa hakubali mtu mwingine na hilo halina dawa. Ila asiguse chupa. Hata moja. Hata kwa kidole. Chupa zote ataosha Fundi Damu, na zichanganywe.

Jioni alipita ghala la saruji, yule wa getini akambwekea, na yeye akapita upande wa pili wa barabara. Nyumbani alimweleza mume wake mwanzo mpaka mwisho. Mume alisikiliza vizuri, kiatu cha mtu kiko mapajani, sindano hewani.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "umefundisha mbwa kutafuta ndoo."

"Usicheke."

"Sicheki."

"Mabegani unacheka."

"Mke wangu, miezi minane! Hata mimi ungenifundisha ningekuwa nimeshaijua!"

Hakucheka, Mama Soksi. Alikwenda kulala na nywele zake kavu. Na Jumatatu akapita nyumba kwa nyumba na mfuko wa soksi, tangu mwanzo, na wifi yake akamuuliza mbele za watu kama safari hii wanavaa soksi au wanavaa ndoo. Alimpa jozi yake, saizi kubwa.

Siku ya kwanza ya zile tisini, Fundi Damu alikuwa kwenye sinki, mikono ya koti imelowa mpaka kwenye viwiko, chupa zimechanganyika ovyo kiasi kwamba Mama Soksi alipopita ilibidi aangalie pembeni, roho inamuuma. Ndani, Daktari alikuwa amepanga mstari. Tisa za kawaida, na moja ya mtego, tupu, iliyopitishwa kwenye dawa ya deki, ili mbwa ajue kwamba hiyo sasa hailipi.

Bi Harusi akaingia na shela lake. Hatua moja, anatulia. Ya nne ndiyo ilikuwa ya mtego. Akakaa, kifua mbele, akainua macho.

Hakuna kengele. Mama Soksi amekatazwa kusema, amekatazwa kutikisika, amekatazwa kukohoa. Biskuti ziko mfukoni, zinamchoma paja.

Mbwa akasubiri. Akajisogeza karibu na chupa zaidi, labda hawajaona vizuri. Akakaa upya, kwa nguvu, makalio yakapiga sakafu. Hakuna kengele. Akamtazama Daktari nyuma ya kioo, akamtazama Mama Soksi, akanyoosha mguu mmoja wa mbele na kumgusa gotini, mara moja, kwa adabu kabisa.

Macho yale Mama Soksi aliyajua. Yalikuwa yanamuuliza amemkosea nini.

Akatazama ukuta, akaanza kuhesabu matofali.